Skrubu Kwenye Kaakaa la Mwadi

“Docteur, mutoto analala bushiku yote, asubui anaamuka amechoka. Ile usingizi inaendaka wapi?”

Aliyeniuliza alikuwa Mama Mwadi. Alisimama kando ya kiti changu cha meno hapa Likasi, mikono kifuani, kama mtu aliyekuja kudai kitu alichoibiwa. Nilikuwa na shahada ya chuo kikuu, koti jeupe lililopigwa pasi, na maoni juu ya kila jambo. Nikamwambia kwamba usingizi hauendi popote, ni mtoto tu anakua. Alilipokea jibu hilo kwa uso wa mtu aliyeuziwa samaki aliyeoza.

Nimestaafu juzi, na vijana wa idara wameniomba niwaandikie “safari yangu ya kazi”. Safari gani? Nimesimama kando ya kiti kilekile hadi mgongo ukapinda. Vyeo nitaviruka, kwa sababu enzi hizo vilipewa watu waliocheza vizuri. Sisemi kucheza siasa. Nasema kucheza: kiuno, mabega, makofi. Mishahara nayo nitairuka, kwa kuwa nayo ilizoea kuturuka. Nitawaeleza siku za mwanzo, kopo moja la skrubu, na mtoto mmoja aliyekuwa akilala bila kupumzika. Mengine mtayakuta kwenye hotuba ya kuniaga, ambayo haina ukweli wowote.

Siku yangu ya kwanza katika hospitali ya Kampuni, ile ya shaba, haikuanzia kwenye chumba changu cha meno. Ilianzia uani. Kabla ya kazi wafanyakazi wote walijipanga kuimba na kumchezea Kiongozi na Chama chake. Jambo hilo liliitwa animation, na hakuna aliyethubutu kuuliza nani anahuishwa. Daktari wa upasuaji alicheza, mpishi alicheza, na mtu wa chumba cha maiti alicheza vizuri kuliko sisi wote. Nimeng'oa meno mengi nikiwa bado na jasho la ngoma hiyo. Wagonjwa walidhani ni bidii.

Chumba chenyewe kilikuwa na kiti cha kupandisha kwa mguu, mashine ya kutobolea inayozungushwa kwa mkanda, na koleo za kila umbo. Mzungu aliyenitangulia alikuwa ameondoka kwa haraka, kama walivyoondoka wengi wakati ule, akaacha hata miwani yake. Aliniachia pia Papa Mutombo, fundi wa meno ya bandia, mwenyeji wa Kasai, ambaye alikuwa na karakana ndogo nyuma ya chumba changu. Papa Mutombo alichemsha meno ya bandia ndani ya sufuria juu ya makaa. Aliapa kwamba bukari yake ya mchana, yaani ugali, aliipika kwa sufuria nyingine. Niliwahi kuionja bukari hiyo. Simwamini hadi leo.

Yeye ndiye aliyenifundisha kazi, ingawa hatukukubaliana kuhusu jambo lolote. Alinifundisha kukanda plasta isiwe na mapovu, kukunja waya kwa kidole gumba badala ya hasira, na kumwacha mtoto ashike kioo kabla ya kumtia kioo kinywani. Mimi kila alichosema nilimuuliza kwa nini. Kwa Kiswahili cha kwetu tunasema “juu ya nini”, basi akanipa jina: Mademoiselle Juu-ya-Nini. Neno “Mademoiselle” lilikuwa marufuku, sote tulikuwa Citoyen na Citoyenne kwa amri, kwa hiyo alilitumia mlango ukiwa umefungwa tu, kwa sauti ya mtu anayetukana.

Katika droo ya chini kabisa nilikuta kopo la peremende. Ndani yake, katika pamba, mlikuwa na skrubu ndogo ndogo zenye vitundu ubavuni, na funguo za waya mwembamba.

“Papa Mutombo, hii ni ya nini?”

“Ile? Ni ya kupanua mufupa wa juu wa kinywa. Kinywa kikiwa kyembamba, meno inakosa nafasi. Unatia ile vis katikati, unazungusha kila siku kidogo, mufupa unafunguka kama dirisha. Muzungu alifanyiaka batoto ba ba-ingénieurs.”

“Na watoto wa wafanyakazi?”

“Bale tulikuwa tunang'oa.”

Alilisema bila uchungu wowote, kama mtu anayeeleza kwamba reli inapita upande ule na maji upande huu. Niliweka kopo juu ya meza yangu, mahali ambapo ningeliona kila siku na kukasirika.

Mwadi aliletwa baada ya mvua za kwanza. Alikuwa na miaka tisa. Muuguzi wa mapokezi aligawa wagonjwa kwa viungo vya mwili: mguu huku, tumbo kule. Mtoto huyu alikuwa na kinywa wazi muda wote, basi kinywa wazi maana yake meno, na meno ni kwangu. Nimekutana na hoja mbovu kuliko hiyo katika vitabu vya maprofesa, lakini zilizozaa matunda ni chache.

Nilimkalisha kitini, nikageuka kukanda plasta ili nichukue umbo la meno yake. Nilipogeuka tena alikuwa amelala. Nje jua kali, mashine ya jirani inanguruma, na mtoto amelala fofofo kwenye kiti ambacho watu wazima wanakiogopa. Kichwa kilikuwa kimeangukia nyuma, shingo imenyooka. Akakoroma kama mzee mnene. Kisha mkoromo ukakatika. Kifua kiliendelea kupanda na kushuka, tumbo likivutwa ndani, lakini kinywani hapakupita kitu. Niliweka kioo changu mbele ya midomo yake na hakikupata ukungu. Nikaruka kumshika mabega.

Mama yake akanigusa mkono. “Ngojea, Docteur. Atarudia.”

Na kweli, mtoto akashtuka, akavuta pumzi kwa kishindo, akajigeuza, akaanza tena kukoroma. Mama yake hakuwa ameshtuka hata kidogo. Hilo ndilo lililonitisha. Alikuwa ameshazoea kungoja mtoto wake arudi. Ndipo akaniuliza lile swali la usingizi, nami nikampa lile jibu la samaki.

Nilipomchunguza niliona mambo ambayo leo mnafundishwa mwaka wa pili, na ambayo mimi niliyasoma kama tanbihi. Kaakaa lilikuwa jembamba na refu kwenda juu, kama paa la kanisa. Meno ya juu yaliuma ndani ya meno ya chini. Chini ya macho palikuwa na weusi. Nilimwambia afunge kinywa apumue kwa pua. Akajaribu, macho yakamtoka, akafungua. Mafindofindo yake ya kooni hayakuwa makubwa, nikayaangalia mara mbili kwa sababu nilitaka yawe makubwa. Mama yake akaongeza, kwa sauti ya chini, kwamba mtoto bado anakojoa kitandani.

Kila mtu Likasi alikuwa na maelezo yake. Majirani walisema ni moshi wa kiwanda cha Shituru. Moshi ule ulikuwa mbaya, sikatai, ulikwaruza koo za watu wote. Lakini ndugu zake Mwadi waliuvuta moshi uleule chini ya bati lilelile na walilala kama magogo. Shangazi yake alisema ni pepo. Baba mkubwa wake alifurahi: mtoto anayekoroma amekula vizuri, atakuja kuwa chef, mkubwa wa kazi. Nilipomuuliza kama machef wote wanakoroma, alinijibu kwamba wote, tena kazini. Huyo alikuwa mwanasayansi kuliko wengine.

Nilikwenda kwa daktari mkuu. Alikuwa mtu mzuri wa kutazama katika abacost yake, ile suti ya Chama isiyo na tai, na alikuwa na magonjwa matatu tu: malaria, minyoo na uvivu. Mwadi alikuwa ameshatibiwa mawili ya kwanza.

“Mtoto huyu anaacha kupumua,” nikamwambia.

“Nilimwona. Alipumua vizuri mbele yangu.”

“Kwa sababu alikuwa macho.”

“Basi awe macho,” akasema, na akacheka, na muuguzi wake akacheka kwa kuwa hiyo ilikuwa sehemu ya majukumu yake.

Nikamweleza kwamba nyuma ya pua ya watoto kuna nyama ambayo ikivimba huziba njia, haionekani kwa kufungua kinywa, na kwamba nataka barua ya kumpeleka kwa mtaalamu wa pua na koo kule Lubumbashi. Bila barua ya hospitali, mfanyakazi wa Kampuni hakuruhusiwa kutibiwa kwingine. Aliyekwenda kivyake alihesabiwa kuwa ameikana hospitali, na familia yake nzima ingeweza kufungiwa mlango. Daktari mkuu alisema kwamba Kampuni haisafirishi watu kwa sababu ya mikoromo. Kisha akanikumbusha kuwa mimi ni wa meno. Nilitoka nikiwa nimekasirika kiasi kwamba nilimsimulia kila kitu Mama Mwadi pale kwenye veranda, kwa sauti, na mikono, mbele ya foleni nzima: nyama iko wapi, inaziba nini, inakwanguliwa vipi. Alisikiliza bila kupepesa macho. Hakuniuliza swali lolote.

Baba yake alikuja siku iliyofuata, bado na ovaroli la kazini. Aliitwa Kabamba, fundi mitambo wa Shituru, mtu wa kucha zilizokatwa vizuri na maneno machache. Ndiye aliyeniambia tatizo lenyewe.

“Docteur, ku masomo banataka kumufukuza.”

“Kwa sababu anasinzia darasani?”

“Darasani si neno. Alisinzia ku animation. Batoto banaimba jina ya Kiongozi, yeye akaanguka juu ya mwenzake. Directeur anasema ni siye tunamufundisha vile nyumbani.”

Mkurugenzi wa shule alikuwa ameamua kwamba Mwadi ni upinzani. Nimewajua wapinzani kadhaa katika maisha yangu. Huyu ndiye pekee aliyekuwa na miaka tisa na akikoroma. Sikukuu ya Chama ilikuwa inakaribia, wakubwa wa mkoa wangekuja, na wanafunzi wote wangesimama kwa mistari kucheza na kusikiliza hotuba. Mwadi akisinzia siku hiyo, shule imemaliza naye, na jina la baba yake litapelekwa kwa kamati ya Chama kiwandani.

“Na akifukuzwa?”

“Nitamutuma kwa nkambo wake, mama yangu, ku ziwa Tshangalele. Ataanika samaki.” Kabamba aliangalia kofia yake. “Anajua kusoma kuliko kaka zake, Docteur. Akiwa macho.”

Basi nilikuwa na mtoto ambaye hakuruhusiwa kutibiwa pua, na kopo la skrubu. Nilikuwa nimesoma mahali fulani kwamba kaakaa ni sakafu ya pua: ukilipanua kaakaa, pua nayo inapata nafasi, na baadhi ya watoto huanza kupumua kwa pua. Baadhi. Neno hilo nililiona hata wakati ule, ninajisifu kwa hilo. Lakini sikuwa na kingine mezani.

Papa Mutombo alichonga kile chombo kwa siku kadhaa huku akiguna. Kilikuwa vipande viwili vya plastiki ya waridi vinavyofunika meno ya juu ya nyuma, kushoto na kulia, vimeunganishwa katikati na skrubu. Tulikibandika kwa saruji ya meno, ili mtoto asiweze kukitoa na kukificha chini ya mto. Mwadi alikilamba kwa ulimi, akasema maneno yasiyoeleweka, na dada yake akamcheka hadi akaketi chini. Nilimpa Kabamba ufunguo wa waya na kumweleza: kila siku unautia kwenye kitundu cha mbele, unausukuma kuelekea koo mpaka kitundu kingine kitokee, basi. Alisikiliza kama nilivyotaka wagonjwa wote wanisikilize. Hata aliniuliza uzi wa skrubu ni wa kipimo gani. Nikajisemea, hatimaye mtu makini.

Majuma yakapita, hakuna kilichotokea. Kaakaa linapofunguka, meno mawili ya mbele huachana na pengo linaonekana; ndivyo unavyojua. Meno ya Mwadi yalikuwa yamebanana kama abiria wa treni ya Kambove. Mkoromo uleule. Weusi uleule chini ya macho. Papa Mutombo alianza kusema kwamba skrubu zimezeeka koponi. Mimi nilianza kushuku baba. Hoja yangu ilikuwa rahisi: watu makini husahau kwa umakini zaidi.

“Citoyen Kabamba, unazungusha?”

“Kila siku, Docteur. Hata moja siyaruke.”

Nilikaribia kumwita mwongo. Nikasema badala yake, “Nionyeshe.”

Alifuta mikono, akainama juu ya binti yake, akatia ufunguo kitunduni mara moja bila kupapasa. Akasukuma kuelekea koo, taratibu, safi kabisa, hadi mwisho. Na kabla ya kuuchomoa ufunguo, kwa ulaini uleule, akauvuta kurudi mbele.

“Hapo umefanya nini?”

“Nimerudisha.”

“Umerudisha juu ya nini?”

Alinitazama kwa huruma. “Docteur, uzi wa chuma hausukumake mbele tu. Unakwama. Unaenda mbele, unarudia nyuma, unavunja takataka ya chuma, njo unaendelea. Ni vile balitufundishaka ku atelier. Mutu wa kusukuma mbele tu ni mutu wa kuvunja vyombo vya bantu.”

Nyuma yangu Papa Mutombo alikuwa ameshika meza kwa kicheko.

“Ule ni uzi unaoukata weye mwenyewe,” nikamwambia. “Huu ulishakatwa. Hapa hakuna takataka ya chuma. Hapa kuko mufupa wa mutoto wako.”

“Sasa tusirudishe?”

“Musirudishe.”

“Hata kidogo tu?”

“Hata kidogo.”

Haikumpendeza. Mkono wake ulikuwa umefunzwa na karakana nzima, na mimi nilikuwa nimefunzwa na vitabu. Kila jioni, alivyonisimulia baadaye, ilibidi mkewe amshike kifundo cha mkono baada ya kusukuma, kwa sababu mkono wenyewe ulitaka kurudi. Nami niliporudi nyumbani nilifikiri kwamba hivyo ndivyo tulivyoendeshwa sote: asubuhi mbele, mchana nyuma, jioni tunaripoti kwamba kazi imefanyika. Wenzangu wadogo, somo la hapa ni moja, na ndilo pekee ambalo nina hakika nalo. Msimuulize mzazi kama amefanya. Mwambieni awaonyeshe.

Baada ya hapo pengo likatokea. Kwanza nafasi ya ukucha, kisha zaidi, katikati ya meno ya mbele, zuri kama mlango. Shangazi akapiga kelele kwamba nimemharibu mtoto. Mimi nilipima kwa rula kila wiki na kutembea koridoni kama niliyejenga daraja. Lakini usingizi? “Kidogo,” alisema Mama Mwadi nilipomuuliza. “Kidogo, Docteur.” Alikuwa mtu wa kusema kweli, na neno lile sikulipenda. Sikukuu ilikuwa inakuja.

Kabla ya sikukuu, Mama Mwadi alikuja kuaga. Anampeleka mtoto Tshangalele kwa nkambo, mama mkwe wake ni mgonjwa, watarudi upesi. Nilimgombeza. Nani atazungusha skrubu? Akasema skrubu imefika pale nilipotaka, si ndivyo nilivyosema mwenyewe? Ndivyo nilivyokuwa nimesema. Wakapanda lori la samaki, wakaenda.

Waliporudi, Mwadi aliingia chumbani kwangu na kinywa kimefungwa.

Sikumtambua mara moja. Uso wa mtoto ukifunga kinywa unakuwa uso mwingine. Nilimwambia apumue kwa pua na akapumua, akaendelea kupumua, akaniangalia kama anayeniuliza ni hilo tu. Alikuwa na sauti iliyokwaruza kidogo; nikasema ni moshi wa samaki. Mama yake alisema sasa mtoto analala kimya hadi mara ya kwanza alimwamsha kwa hofu. Papa Mutombo alivua kofia mbele ya skrubu yake. Daktari mkuu, aliposikia, alisema ni hewa safi ya ziwa, na akaanza kuwashauri watu wengine waende kuivuta. Niliicheka hewa ya ziwa kwa miaka mingi. Vijijini kandokando ya Tshangalele kuna watoto wanaokoroma kama wa Likasi, nimewaona mwenyewe, tena wamezungukwa na hewa tupu.

Siku ya sikukuu tulipangwa uwanjani tangu asubuhi, jua likiwa bado na adabu. Wakubwa walifika adabu hiyo ikiwa imekwisha. Tuliimba, tukacheza, tukakaa kimya kwa hotuba iliyoanzia kwenye uumbaji wa dunia. Mimi nilikuwa na watu wa hospitali, pembeni, na sikumtazama mwingine isipokuwa Mwadi, mstari wa pili, sketi ya kijani, pengo la meno. Baba yake alikuwa na wenzake wa Shituru upande wa pili wa uwanja, kofia mkononi, naye akimtazama huyohuyo. Hotuba ilipofika kwenye bei ya shaba mtoto mmoja alianguka kwa jua, akabebwa. Mwadi alijikuna mguu kwa mguu mwingine. Akapiga miayo mara moja. Akafunga kinywa, akaendelea kusimama.

Waliolala walikuwa jukwaani, kivulini. Mkurugenzi wa shule kidevu kilikuwa kimeshuka kifuani na kukaa huko. Daktari mkuu, nyuma yake, alikuwa ameangusha kichwa nyuma na kufungua kinywa chote, na kutoka pale nilipokuwa niliweza kumwona hadi kooni. Kaakaa pana kabisa. Hakuwa na udhuru.

Mwadi alibaki shuleni. Kabamba aliniletea zawadi: ufunguo mpya wa skrubu, aliouchonga mwenyewe kwa chuma kigumu, wenye mpini mdogo wa mbao na mshale uliochorwa kuelekea upande mmoja tu. Nimeutumia hadi wiki yangu ya mwisho. Sasa uko kwenye droo ya juu. Msimwazime mtu wa X-ray; huyo harudishi.

Kopo lilipokwisha niliandika kuomba skrubu nyingine, nikajibiwa kwamba nchi ina mahitaji ya haraka zaidi, na kwa kuwa mwaka huo tuliletewa vitambaa vya sare ya animation, niliyajua mahitaji yenyewe. Skrubu zilikuja miaka mingi baadaye. Pamoja nazo yalikuja maarifa, na nikaweza kumjibu Mama Mwadi, ingawa kwa kuchelewa. Mtoto wa namna ile kila anapozibwa pumzi, ubongo unamwamsha kidogo ili avute hewa, bila yeye kujua, tena na tena hadi asubuhi. Usingizi hauendi popote. Unakatwakatwa kabla haujafika.

Kisa cha Mwadi nimewafundishia ninyi nyote. Mnakijua: mtoto, skrubu, baba anayerudisha, pengo, kinywa kimefungwa. Nilikisimulia kama ushahidi. Mimi, niliyewacheka watu wa moshi na watu wa pepo na watu wa hewa ya ziwa, kwa kuwa kila mmoja alichukua jambo moja alilolijua akaliita sababu.

Mwaka wangu wa mwisho kazini aliingia mama mmoja mwenye miwani, mwalimu wa sekondari, akimvuta mtoto mwenye kinywa wazi. Nilimjua kwa meno ya mbele. Nikamtazama mtoto, nikaona kaakaa la kanisa, nikaanza kufurahi: nikamwambia mwanafunzi wangu aje aone, huyu ndiye Mwadi wa skrubu, na sasa tutafanya vilevile kwa mwanawe.

“Bila shaka, Docteur,” akasema Mwadi. “Lakini kwanza nyama ya nyuma ya pua, au pamoja? Miye balinitoleaka ile kwanza.”

“Nani alikutolea?”

Alinitazama, akaangalia mlango kana kwamba mama yake, ambaye ameshafariki, angeingia. Kisha akaanza kucheka. “Yaani Mama hakukuambiaka mpaka alikufa?”

Kule Tshangalele nkambo hakuwa mgonjwa. Palikuwa na misheni kando ya ziwa, na daktari mmoja aliyepita huko mara chache kuwapasua watu. Mama Mwadi alisimama mbele yake na kumrudishia maneno yangu ya veranda, moja baada ya jingine, pamoja na mikono: nyama iko wapi, inaziba nini, inakwanguliwa vipi. Daktari akaikwangua. Walikaa hadi damu ikauka na koo likapoa, wakarudi na lori la samaki, na mtoto akaapishwa anyamaze, kwa sababu hospitali ingejua, Kabamba angeadhibiwa.

“Na mimi?” nikauliza. “Mimi ningemwambia nani?”

“Mama alisema: Docteur tusimuambie. Kichwa chake tayari hakipite ku mlango.”

Mnaniuliza basi ni skrubu au ni nyama. Wapo watoto waliotolewa nyama na wakaendelea kukoroma hadi kaakaa lilipopanuliwa, na wapo waliopanuliwa bure kwa kuwa hakuna aliyetazama nyuma ya pua. Kwa Mwadi sijui, na sitajua. Mwanawe tumemfanyia yote mawili, kwa barua, mchana kweupe.

Papa Mutombo alijua. Mwadi aliniambia hilo pia, akiwa tayari mlangoni: ndiye aliyewatafutia lori.